Kengele Ilipokwama kwenye Kona Yangu

Jumapili, 1 Machi

Mji huu bado uko juu ya mlima kwa sababu yangu. Asiyeamini akaulize, ila aulize watu wa maana. Mimi ndiye mkuu wa wachukuzi, na mtaa wetu wa juu gari halifiki, punda wenyewe walishakataa. Kila godoro, kila mtungi wa gesi, kila gunia la unga, na bibi harusi mmoja aliyevunjika kisigino cha kiatu, wote wamepanda ngazi hizi kwa mgongo wangu au kwa amri yangu. Nikipumzika wiki, mtaa unalala njaa. Nikipumzika mwezi, watu wanahamia bondeni. Ndiyo maana sipumziki, ingawa mke wangu ana maoni yake kuhusu hilo.

Nimeanza kuandika kwa sababu msimu huu historia itapita mlangoni kwangu, na historia naijua tabia yake. Usipoiandika mwenyewe, ataiandika jirani.

Habari yenyewe ni kengele. Kwetu ukungu ukishuka huoni kiganja chako, na tangu enzi za mababu kengele ya mnara hulia mpaka ukungu uondoke, ili aliye njiani ajue nyumbani ni wapi. Mwaka jana ikapata ufa, ikawa inalia kama sufuria iliyoanguka. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni mwalimu wa shule iliyo ng'ambo ya mgongo wa mlima, na kila alasiri huwarudisha watoto wa mtaa wetu kwa njia ya ukingoni. Siku moja ya ukungu asiisikie kengele. Akasimama na watoto, migongo imebanwa kwenye mwamba, mpaka jioni. Mtoto mmoja alirudi amevunjika mkono. Wazazi wakasema, msimu huu kengele isipokuwepo, watoto tunawahamishia bondeni. Shule bila watoto ni banda la mbuzi, na mtaa bila watoto tunajua wenyewe unavyoishia.

Basi kengele ilivunjwa vipande, ikapelekwa mbali, ikayeyushwa, ikasubiwa upya. Inarudi mwezi huu. Ataipandisha nani? Nitaipandisha mimi.

Jumatano, 4 Machi

Manyunyu. Mchukuzi wangu wa mbele, tunayemwita Goti, anasema goti lake linamwambia ukungu utawahi. Nimemwambia goti lake lishughulike na ngazi, hali ya hewa aniachie mimi.

Jumamosi, 7 Machi

Leo wamekuja wageni wenye kamera. Nimewatembeza. Sijaombwa, lakini mji mzuri bila wa kuusimulia ni kama bwana harusi bubu.

Nimewaonyesha ngazi zilizolika katikati kama vijiko, kwa miguu ya watu waliokufa zamani. Nimewaonyesha jinsi paa la nyumba moja lilivyo ua wa nyumba ya juu yake, kiasi kwamba ukigombana na jirani wa juu unagombana na dari lako mwenyewe. Nimewaonyesha mfereji uliochongwa pembeni mwa kila ngazi, maji yakipita yanaimba na miguu haiguswi. Mgeni mmoja mama wa makamo akakaa chini, akavua kiatu, akaweka unyayo wake kwenye shimo la ngazi. Ukaenea sawasawa. Nikajisikia kama nimeuzaa mimi mji huu.

Halafu wakauliza lile ambalo wote huuliza. Kwa nini kona za nyumba zimenyolewa? Ni kweli. Kila panapopinda, pembe ya nyumba imekatwa kuanzia chini mpaka kimo cha mtu, na juu yake ndipo inarudi kuwa pembe. Nikawaambia babu yangu mzaa babu alikuwa na mabega mapana kupita kiasi. Alikuwa akipanda na jiwe la kusagia kichwani, kona zikimwona zinaona haya, zinajikunja zenyewe.

Mpwa wangu alikuwa anapita na madaftari yake.

"Mjomba, kona haina haya."

"Mwanangu, ungemwona babu usingesema hivyo."

"Wewe ulimwona?"

"Niliziona kona."

Wageni wamecheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mwalimu naye amecheka, ila kwa ndani. Hao waliosoma hucheka kwa ndani.

Jumatano, 11 Machi

Nimewaza. Siku ya kengele mji mzima utapita mlangoni kwangu, kwa sababu nyumba yangu iko kwenye mpindo wa mwisho kabla ya uwanja wa mnara. Je, mkuu wa wachukuzi aonekane anaishi kwenye nyumba iliyong'olewa jino? Nimemwita mwashi. Atajaza kona yangu kwa mawe ya kuchongwa, kutoka chini mpaka ikutane na pembe ya juu, imenyooka kama rula.

Mke wangu kauliza, "Kwani ile kona ilikuwa inakusumbua nini?"

"Heshima, mama watoto."

"Haya. Paa linalovuja halina heshima?"

Mwanamke huyu hajui kupanga mambo kwa uzito.

Jumapili, 15 Machi

Imekwisha. Sijawahi kuona kitu kama kile. Mawe meupe yamekaa moja juu ya jingine kama meno ya kijana. Mtaa mzima umekuja kuitazama. Mwalimu kaipapasa akasema, "Imependeza, mjomba, lazima tuseme ukweli." Goti kaizunguka mara kadhaa, kasifu. Hata Bibi wa Juu, mjane ambaye nyumba yake inatazamana na yangu pale kwenye mpindo, mtu ambaye hajawahi kunisifu tangu nizaliwe, kasimama mlangoni kwake akatingisha kichwa.

"Wewe kijana," kasema, nami nina wajukuu, "leo umefanya jambo."

"Nikuitie mwashi, bibi?"

"Yangu iache. Mimi na kona yangu tumezeeka pamoja, hatutaki kuvikwa meno ya bandia."

Wivu ni kitu kibaya.

Nimemwambia mwashi achonge maneno kwenye jiwe la kimo cha macho: HAPA ANAKAA MKUU WA WACHUKUZI. Herufi zimekaa vizuri, ila KUZI imebanana kidogo kwa sababu mwashi alianza kwa madaha akamaliza kwa shida.

Ijumaa, 20 Machi

Ukungu wa kwanza. Mwepesi, kama shuka la mtoto. Umeondoka kabla ya chai.

Jumatatu, 23 Machi

Kengele imefika chini, mwisho wa barabara. Nimeshuka kuipokea. Ni kubwa kuliko ile ya zamani, mdomo wake mpana kama meza ya harusi, rangi ya asali. Nimeigonga kwa kidole cha kati, ikanijibu ndani ya kifua. Nimeiambia taratibu, wewe na mimi tutazungumza keshokutwa.

Jioni mpwa wangu amepita nyumbani. Hakukaa. Amesema wazazi wengine wameshaandikisha watoto shule ya bondeni, wanangoja waone tu.

"Mjomba, ukungu mkubwa ukitangulia kengele, mimi sina tena la kuwaambia."

"Mwanangu, umewahi kuniona nimeshindwa mzigo?"

"Sijawahi," akasema. Hilo ndilo lililoninyima raha kitandani.

Jumatano, 25 Machi

Naandika mikono ikitetemeka, na si kwa uoga. Ni nyundo.

Tulianza asubuhi. Kengele tuliifunga kwa kamba nene, ikaning'inia chini ya miti miwili mirefu, wachukuzi nusu mbele na nusu nyuma, Goti akiongoza, mimi pembeni nikitoa amri. Ulimi wake tuliufunga kwa matambara isije ikapayuka njiani. Watu walijaa madirishani. Wanawake walituletea maji, wazee wakatukosoa, watoto wadogo wakatuhesabia ngazi kwa makosa.

Tulipanda vizuri mno. Kila penye mpindo nilitoa sauti, "Bega la kushoto, taratibu, leta mkia," na miti ikageuka ikaingia kwenye ile sehemu iliyonyolewa kama mkono unaoingia mfukoni. Kona baada ya kona zikatupisha. Nikawa najisifu moyoni jinsi ninavyojua kugeuza mzigo. Kumbe wa kusifiwa walikuwa ni wengine, na walishazikwa.

Tukafika kwangu.

Nikasema, "Bega la kushoto, taratibu, leta mkia." Mti ukagonga jiwe. Tukarudi nyuma kidogo, tukajaribu tena. Ukagonga. Tukainamisha, tukainua, tukapitisha upande wa mbele kwanza, tukapitisha wa nyuma kwanza. Ukagonga palepale, kwenye herufi.

"Mkuu," Goti akasema, jasho likimtiririka, "kona imetukataa."

"Kona gani?"

"Yako."

Nikaenda kusimama pale. Nikaiangalia kona ya Bibi wa Juu iliyonyolewa, nikaiangalia yangu iliyonyooka, nikaiangalia miti. Mtu mzima mimi, mwana wa mchukuzi, mjukuu wa mchukuzi, nimepita hapo maisha yangu yote na mitungi na magunia na magodoro yanayojikunja, sikuwahi kupita na kitu kirefu kisichokubali kujikunja. Sasa ndipo nikaelewa. Hakuna kona iliyoona haya. Kila aliyejenga mtaa huu alikata kipande cha nyumba yake mwenyewe ili mzigo wa mtu mwingine upite. Wote. Hakuna aliyelazimishwa, au kama walilazimishwa, waliotangulia walilazimishana vizuri. Na katika miaka yote hiyo akatokea mmoja tu wa kuijaza kona yake.

Ningependa kuandika kwamba nilichukua nyundo papo hapo. Sikuchukua. Nilisema, "Tuparue kidogo upande wa pili." Upande wa pili ni kwa Bibi wa Juu.

Alikuwa mlangoni kwake, amesikia.

"Parua," akasema. "Ukuta huu uligeuza mizigo kabla babu yako hajajua kutambaa. Uvunje, halafu wageni wakija uwaambie nao uliona haya."

Watu wakacheka, si kwa ndani. Mwashi akasema tungoje kesho, alete vifaa, afungue jiwe mojamoja bila kuliumiza. Wengine wakaunga mkono. Kengele ikawekwa chini katikati ya ngazi, ikaziba njia, watu wakawa wanapita kwa ubavu. Mimi nikasema sawa, kesho, na moyoni nikashukuru kwa usiku mmoja zaidi wa kona yangu.

Ndipo ukungu ukapanda kutoka bondeni. Haukuja kama ule wa Ijumaa. Ulikuja kama maziwa yanayofurika sufuria. Nikaona paa la chini likipotea, kisha dirisha, kisha Goti aliyekuwa hatua chache kutoka kwangu akabaki sauti.

Mwanamke mmoja akasema, taratibu kabisa, "Watoto wameshatoka shule."

Sote tulijua wako wapi muda huo. Walikuwa kwenye njia ya ukingoni, mpwa wangu mbele.

Goti akasema, "Tuilize hapahapa." Wakaibeba ikaning'inia, nikaufungua ulimi, nikaugonga. Mungu wangu, sauti ile. Lakini kwenye kichochoro ilipiga ukuta huu, ikapiga ule, ikapanda, ikashuka, ikawa inatoka kila mahali. Jirani wa dirisha la juu, mtu anayeishi hapo tangu utoto, akaita, "Mko upande gani?" Kama yeye hajui, aliye ukingoni atajuaje? Kengele inayolia kila upande ni mbaya kuliko kengele isiyolia. Inamwita mtu aende popote.

Uwanja wa mnara uko ngazi chache tu juu ya kona yangu. Uko wazi, umetazama mgongo wa mlima.

Nikageuka kutafuta nyundo. Mke wangu alikuwa ameshaiweka miguuni kwangu. Sijui ilikuwepo hapo tangu saa ngapi. Hakusema neno, na mimi namjua, maneno alikuwa nayo.

Nikapiga. Kipande cha kwanza kudondoka kilikuwa na MKUU. Nikapiga tena. Mwashi akaja upande wa pili na tindo, akinung'unika kwamba chokaa yake haikuwa imekauka vizuri, kana kwamba hiyo ndiyo hasara ya siku. Vumbi jeupe na ukungu mweupe vikachanganyika, nikawa napiga nisichokiona. Bibi wa Juu akatoka, mama wa umri ule, akawa anaokota vipande vya mawe ngazini ili wachukuzi wasiteleze. Nilisikia akisema, "Chini kidogo, kijana. Sasa kulia. Hapo." Nilimtii.

"Bega la kushoto," nikasema. Sauti yangu haikuwa ile ya asubuhi. "Taratibu. Leta mkia."

Mti ukakwangua, ukapita.

Uwanjani tukaibeba juu, nami nikagonga, nikanyamaza, nikagonga, nikanyamaza, kama ilivyokuwa ikipigwa zamani. Safari hii sauti haikurudi. Ilikwenda. Wachukuzi walitetemeka mabega, hakuna aliyeomba kupumzika. Goti alikuwa analia kwa lile goti lake na hakuliinamisha. Niligonga mpaka nikaacha kufikiri kitu chochote isipokuwa jina la mtoto wa dada yangu.

Ilichukua muda mrefu. Kwanza tukasikia kikohozi. Kisha mtoto analalamika kwamba amekanyagwa. Halafu wakatokea wameshikana kwenye kamba ya kurukia, mmoja nyuma ya mwingine, na mwalimu mbele, shungi limelowa, anawahesabu hata kabla hajatusalimu. Akawahesabu mara ya pili. Ndipo akanitazama.

"Mjomba, tulikuwa tumesimama. Mwanzo ilikuwa inalia kila upande, nikawakataza kutembea. Halafu ikalia upande mmoja."

"Nilikuwa naijaribu sauti," nikamwambia.

Akanifuta vumbi usoni kwa ncha ya shungi lake, kama vile mimi ndiye niliyetoka ukingoni.

Alhamisi, 26 Machi

Siwezi kuinua kikombe. Mke wangu ananinywesha chai na kuniuliza kama heshima inauma.

Jumapili, 29 Machi

Wazazi wamekutana uwanjani, kengele katikati yao kama mzee wa kikao. Waliokuwa wameandikisha watoto bondeni wamesema watayafuta majina yao huko. Mmoja kasema hajaelewa bado tutaipandishaje mnarani. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo, mnara hauna kona.

Nimemwambia mwashi asiirekebishe ile sehemu. Alitaka angalau alainishe. Nimesema aiache na makovu yake mpaka mabega ya watu yailainishe yenyewe. Bibi wa Juu kasikia, kaniletea ndimu za kukandia mikono. Kaniita kwa jina langu. Nimeshtuka kiasi cha kusahau kushukuru.

Alhamisi, 2 Aprili

Imepanda mnarani. Tumeivuta kwa kamba na kapi, mtaa mzima umeshika, hata wale waliosema haitafika. Fundi seremala amekataza isilizwe mpaka boriti mpya zizoee uzito. Tunangoja.

Jumatano, 8 Aprili

Leo alfajiri kwenye ukungu imelia kutoka juu, mahali pake. Nilikuwa kitandani. Mfereji unaimba nje, kengele inalia juu, na wachukuzi wa soko la mapema wanapanda wakisema, "Bega la kushoto." Nimezunguka kidogo duniani, sikufika mbali, lakini sijasikia mahali panapoamka vizuri hivi. Kuna miji ina majumba marefu kuliko yetu. Hiyo haina kona zinazokupisha.

Wageni wamekuja tena adhuhuri, wakauliza kuhusu kona. Nimewaambia ukweli. Nimeongeza tu kwamba niliivunja yangu kwa pigo moja. Mwalimu alikuwa karibu, hakunisahihisha. Shule imejaa. Ana mtoto mmoja mpya, wa familia iliyohamia kutoka bondeni.

Jumamosi, 11 Aprili

Limebaki jambo moja, na naliandika kwa kuwa mke wangu ameshaanza kutabasamu ovyo mbele za watu.

Ijumaa ya wiki iliyopita, boriti zikiwa bado zinazoea na kengele imekatazwa kulia, nilishuka peke yangu kutoka uwanjani. Ukungu ukanikuta. Ni ngazi chache, nimeshasema. Nikanyoosha mkono kutafuta kona yangu, nikagusa jiwe lililoparuzika, nikajiambia hii si nyumba ninayoijua. Nikashuka. Nikapanda. Nikashuka tena. Nikagusa kuta za watu mpaka mikono ikafa ganzi. Mwisho nikaona afadhali niulize kuliko kufia kwenye mtaa ninaouongoza. Nikabisha mlango wa karibu, nikavua kofia, nikasema kwa adabu zote:

"Hodi, samahani mama. Nyumba ya mkuu wa wachukuzi ni ipi?"

Mlango ukafunguka. Nilimtambua kabla haujafunguka wote, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Ni hii," mke wangu akasema. "Ila mwenyewe hayupo, ametoka. Karibu umngoje."

Nikaingia, nikakaa, nikamngoja.